Mashine ya Mkamwana

Katika usharika wetu, kitu kikishatolewa madhabahuni hakirudi nyumbani bila kupitia mnadani. Ibada ikiisha tunatoka nje, tunasimama upande wenye kivuli cha ukuta, na sadaka zilizoletwa kwa mikono zinauzwa: mayai, maboga, debe la mtama, kuku, na mara nyingine mbuzi ambaye wakati wa mahubiri alikuwa anamaliza maua ya mama mchungaji. Mnadishaji ni mzee wa kanisa mwenzangu, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mbuga. Tumetumika pamoja tangu nilipokuwa mwinjilisti. Mimi nimestaafu, yeye bado ananadi.

"Jogoo huyu ameokoka!" husema huku amemwinua kwa mabawa. "Haingii tena uani kwa jirani! Nani anampa makao?"

"Ameokoka lini? Jana alikuwa kwangu!" mtu hujibu, watu hucheka, na bei hupanda.

Mgeni hawezi kuelewa mara moja. Yai moja linaweza kulipiwa bei ya trei nzima. Aliyelinunua anasema, "Namrudishia Bwana," na yai lile lile linanadiwa upya. Mwingine ananunua boga na kusema, "Mpelekeeni bibi yule aliyekaa pale," naye anaondoka mikono mitupu, amefurahi. Sisi tumezaliwa ndani ya jambo hili na hatuoni ajabu yake. Kila mtu pale anajua kwamba hakuna anayenunua yai.

Nimesema kwamba kila mtu anajua. Lakini kujua jambo siku zote na kulikumbuka siku linapohitajika ni vitu viwili, na hayo ndiyo yaliyotupata Jumapili ya mavuno, mwaka mmoja baada ya kumzika mwanangu wa kwanza.

Mwanangu huyo alikuwa mkulima kama sisi wote, mpaka habari za dhahabu ya Sekenke zilipomwingia. Kila mwaka, alizeti ikishauzwa, alikuwa anakwenda mashimoni na vijana wenzake, na mvua ikikaribia anarudi kulima. Miaka ya kwanza alirudi na bati za nyumba. Baadaye alirudi na maksai wawili wa kulimia, weusi, waliofanana tabia kama ndugu. Mwisho alirudi na kifua. Alikohoa misimu miwili, tukamwombea, tukampeleka hospitali, na Mungu akamchukua akiwa kitandani kwake, mkewe amemshika mkono. Nashukuru kwamba hakufia shimoni. Wapo waliofia humo, na wazazi wao wamebaki bila kaburi la kupalilia.

Alimwachia mkewe watoto, shamba, na wale maksai. Mkamwana wangu huyu si mtu wa maneno mengi. Baada ya arobaini aliamka, akafunga khanga kiunoni, akalima. Alizeti ilipokomaa hakufanya tunavyofanya wote. Sisi, alizeti ikipurwa tu, malori yanafika kijijini na wanunuzi wao, tunaijaza kwenye magunia ya lumbesa, yale yaliyoshonewa kilemba juu mpaka yanafanana na mama mjamzito, na tunauza kwa bei anayotaja mwenye lori, kwa sababu ada za shule zinangoja na hatuna ghala. Miezi michache baadaye tunakwenda dukani kununua mafuta yaliyokuja na meli. Yeye hakuuza. Alipakia magunia yake ya mwanzo kwenye mkokoteni hadi Iguguno, kwenye lami, akakamuliwa mafuta, na dumu la kwanza akalileta kanisani liwe malimbuko.

Mnadishaji alilinyanyua juani. Mafuta yalikuwa na rangi ya asali changa.

"Tazameni! Mafuta haya hayajapanda meli! Hayaijui bahari! Yametoka kwenye udongo unaoukanyaga wewe, mama mwenye viatu virefu!"

Mwalimu mmoja alinunua, akamrudishia Bwana. Umoja wa wanawake wakanunua kwa bei kubwa zaidi, wakasema apelekewe mama mchungaji. Mama mchungaji akainuka na kusema hawezi kula malimbuko ya mjane peke yake, linadiwe tena. Wanaume wa ukoo wangu, wakiona aibu kuzidiwa na wanawake, wakachangishana pale pale wakalichukua kwa bei ambayo hata mnadishaji alisita kuitamka. Kisha wakalikabidhi kwa mchungaji. Watu walipiga vigelegele. Mkamwana wangu alikuwa amesimama karibu na mke wangu, anafuta macho kwa ncha ya khanga.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinisogelea.

"Baba, umeona?"

"Nimeona, mwanangu."

"Watu wanayataka mafuta ya nyumbani. Wanayanyang'anyana."

Nikasema ni kweli, kwa sababu ndivyo nilivyoona kwa macho yangu. Wote tuliokuwa tunatembea pamoja njiani tulisema hivyo hivyo. Tukaanza kuhesabu nani na nani walinunua, tukapata kijiji kizima. Hakuna aliyekumbuka kwamba dumu lile lililipiwa mara nyingi siku ile na bado halikuingia katika jiko la hata mmoja wa walionunua.

Kabla mvua hazijafika alikuja na ombi. Alitaka kuuza maksai anunue mashine ya kukamulia. Kwetu ng'ombe wa kulimia si kitu cha kuuza kama mbuzi. Ni mikono ya nyumba. Tulikaa, tukaomba, tukazungumza. Mwanangu wa pili, shemeji yake, alinung'unika.

"Mvua ikinyesha tutalimia mashine?"

"Mashine itatupa pesa ya kukodi trekta," mkamwana akamjibu.

"Trekta la nani? Lile linalokuja mvua ikiwa imeshakatika?"

"Basi nitakufunga wewe nira."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kile kikafunga mjadala. Nilitoa baraka yangu. Maksai walikwenda mnadani, safari hii mnada wa kweli wa mifugo, na mashine ikanunuliwa katika duka moja la vifaa mjini Singida. Ililetwa na injini yake ya dizeli, kwa sababu umeme uliofika kijijini kwetu ni wa taa na simu. Hauwezi kuzungusha chuma kizito kama kile. Tuliijengea banda la bati kando ya nyumba yangu, tukamwaga zege, tukafunga nati. Siku ilipowashwa mara ya kwanza kuku walikimbia mpaka kwa jirani. Mchungaji aliomba. Tuliimba.

Huwa nasikiliza redio asubuhi, baada ya sala. Wasomi wanaeleza nchi zetu zinavyokua au kwa nini hazikui. Wanataja barabara, umeme, elimu, mitaji, viwanda vya kusindika mazao ya wakulima. Nilipokuwa naisikia mashine ile ikinguruma nilijisemea kwamba hatimaye haya maneno yamefika uani kwangu, nami nimejaliwa kuyaona kabla sijafumba macho. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mke wangu akaniuliza nazungumza na nani.

Siku za kwanza watu walijaa. Walikuja kutazama. Waligusa chuma, wakanusa mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa, wakauliza bei ya lita, wakasema, "Mafuta mazuri haya, mama. Tutakuja."

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Kwa mtu aliyefiwa hatusemi hapana. Mjane akikuuliza kama utanunua kitu chake unamwambia utakuja, hata kama unajua moyoni hutakuja, kwa sababu kumkatalia ni kama kumzikia mumewe mara ya pili. Ni adabu nzuri, nimeifundisha mwenyewe. Lakini mkamwana wangu aliambiwa "tutakuja" na kila mtu, akakamua zaidi, akajaza madumu zaidi, akayapanga ukutani.

Hawakuja. Jioni tukikaa nje tuliwaona wanawake wale wale wakipita mbele ya banda kwenda dukani, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Duka lile lina pipa la mafuta ya mawese yaliyotoka ng'ambo, na pampu ndogo ya mkono. Mwanamke anasema, "Nipimie ya mia tano," anapimiwa, anarudi kukaanga mboga ya siku hiyo. Nani kati yao angeweza kununua lita nzima kwa mara moja? Na ya kwetu hayakuwa yamesafishwa vizuri. Yalitoa moshi kwenye sufuria, yalinuka mbegu. Mtoto mmoja wa jirani alisema ukweli ambao wazazi wake waliuficha: "Bibi, mafuta yenu yanapiga kelele yakiwa jikoni."

Halafu mbegu zikaisha. Kijiji kizima kilikuwa kimeshauza alizeti yake kwa malori wakati wa mavuno, kama desturi. Yeye hakuwa na fedha za kununua na kuweka akiba. Mashine ikanyamaza. Dizeli nayo ilikuwa inaletwa kwa pikipiki, kwenye madumu, kwa bei ya mwenye pikipiki. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mashariki, na mkamwana wangu alikuwa hana maksai wala mteja. Nilimwona asubuhi moja amesimama kwenye shamba lake, jembe la mkono begani, anaangalia urefu wake.

Ndipo alipokuja, akapiga magoti kunisalimu, akabaki chini.

"Baba, nataka kuirudisha mashine. Nipate hata maksai mmoja, niungane na mtu mwenye mmoja. Naomba unisindikize mjini. Nikienda peke yangu wataona mjane."

Tulikwenda. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, rika langu. Babu yake alifika Singida kabla babu yangu hajaona bati. Nimenunua kwake misumari na rangi za makanisa kadhaa ya mitaani, na kila mara tukikutana tunaanza na utani mmoja: yeye ananisalimu kwa Kinyaturu, akijua mimi ni Mnyiramba, nami namjibu kwa Kinyiramba, akijua nimeelewa. Nyuma yake ukutani pana picha za miungu yao zilizovikwa maua, na ubani unafuka. Mimi nina imani yangu, naye ana yake. Hatujawahi kubishana juu ya hilo.

"Shikamoo, mzee," mkamwana alimwamkia.

"Marahaba, mama. Mashine imekufa?"

"Mashine ni nzima. Wateja ndio hawapo."

"Nani alikwambia wapo?"

Akamsimulia Jumapili ile. Alimweleza mwalimu, na umoja wa wanawake, na mama mchungaji, na wanaume wa ukoo. Aliposimulia, sauti yake ilipanda kidogo, kama bado anavisikia vigelegele. Mzee yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamfukuza kwa mkono mteja aliyekuja kuuliza bawaba.

"Mama, na sisi hekaluni tunanadi," akasema. "Sikukuu yetu ikifika, kuna taa ya kwanza inayowashwa mbele ya Mungu. Nani aiwashe? Tunanadi. Mwaka jana nilishinda mimi. Nililipa karibu bei ya pikipiki, kwa kuwasha taa moja. Mke wangu hakunisemesha wiki nzima." Akanitazama mimi kwanza, kisha mkamwana. "Sasa niambie. Kesho yake nifungue duka la kuuza taa?"

Mkamwana wangu aliinamisha kichwa, na nikaona mabega yake yakishuka taratibu kama mtu anayetua mzigo alioubeba kutoka mbali, akagundua haukuwa wake. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na sikuweza kujua ni lini kicheko kiliisha kikabaki kilio.

Mzee wa duka alimwagizia chai.

"Mashine nikiipokea nitakupa bei ya chuma chakavu," akasema alipotulia. "Sitakudanganya. Ipeleke kwenye lami. Iguguno kuna umeme mkubwa, wa fezi tatu, uache kununua dizeli. Wanaotoka Nduguti na vijiji vyote vya huko wanapita pale na mbegu zao, wewe wakamulie kwa ujira, usinunue mbegu. Mashudu, wafugaji wa kuku wanayatafuta kwa tochi. Na mafuta uza kwa kikombe, mama. Kwa kikombe. Mtu maskini hanunui lita."

"Nikifanya hivyo nitapata?" mkamwana akauliza.

"Sijui. Wawili niliowauzia pale wamefunga. Mmoja anaendelea."

"Kwa nini mmoja anaendelea?"

"Ningejua ningekuwa na mashine mwenyewe. Nisingeuza bawaba."

Ndani ya basi, tukirudi, alikaa dirishani. Tulipofika Iguguno alishuka kwanza yeye, akasimama akitazama nguzo za umeme, maduka, malori yaliyoegeshwa. Nilimwacha atazame.

"Baba," akasema bila kugeuka, "nikija huku nitakuja na watoto."

Nilielewa alichokuwa anakisema. Kwetu mjane anaweza kulima, anaweza kufuga, anaweza hata kufungua genge, ilimradi anaamkia katika boma la mumewe. Akihamia kwenye njia panda na kupanga chumba, watu husema ameondoka. Na akiondoka, watoto hubaki, kwa sababu watoto ni wa ukoo. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, lakini nimeona nyumba zikivunjika juu yake. Alikuwa ananiuliza kama atachagua kati ya mashine na watoto wake, au kama nitamwepusha kuchagua.

Tulikaa kikao Jumamosi asubuhi, barazani kwangu: mimi na mke wangu, mdogo wangu, mwanangu wa pili, na mkamwana. Nilifungua kwa sala. Mdogo wangu hakungoja sala ikauke.

"Njia panda! Pale wanalala madereva wa malori. Kuna baa kila upande. Watu watasema mke wa marehemu anauza nini?"

"Mafuta," mkamwana akasema.

"Najua mafuta! Nasema watakavyosema wao."

Mwanangu wa pili alizungumza kwa upole zaidi, na kwa sababu hiyo maneno yake yalikuwa mazito zaidi. "Shemeji, sina ubaya na wewe. Lakini mashine ile ni ng'ombe wa kaka, na kaka ni wa boma hili. Ukitaka kwenda, nenda. Watoto waache hapa walelewe kwao."

Mkamwana alimtazama mke wangu. Mke wangu, jambo likiwa zito, huacha Kiswahili. Alimgeukia mwanetu kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini ile ile aliyokuwa akiwakanya nayo utotoni, akamwuliza: kaka yako alipokuwa anakwenda Sekenke kila mwaka, na wewe ukamfuata mara mbili, nani aliwaitia kikao? Nani aliuliza madereva wa huko wanalala wapi? Shimo lile lilipokula kifua cha mwanangu, nani alisema anaondoka kwenye boma?

Mdogo wangu alikuna goti.

Wote walikuwa wananitazama. Nimehubiri juu ya wajane tangu ujana wangu. Ni mahubiri rahisi, kwa sababu kila mtu kanisani anakubali, na sadaka siku hiyo huwa nzuri. Pale barazani hayakuwa rahisi. Katika wale watoto kuna mjukuu wangu wa kike ambaye, tangu macho yangu yalipofifia, ndiye ananisomea Neno jioni. Anasoma polepole, akifika kwenye jina gumu ananiangalia, nami namtamkia. Mtu akiniuliza mali yangu ya uzeeni ni nini, ningemwonyesha ile saa ya jioni.

"Ng'ombe walikuwa wa mumewe," nikasema. "Alinunua kwa kifua chake, nasi tulimzika. Watoto ni wetu, na ni wake kabla ya kuwa wetu. Ataondoka nao. Na asiseme mtu kwamba ameondoka. Boma hili ni kwake, siku yoyote, akiwa na mashine au bila mashine."

"Na ikishindikana?" mdogo wangu akauliza. "Akarudi hana kitu?"

"Atarudi hapa, kwake. Ndiyo maana ya kwake."

Mwanangu wa pili akauliza trela la trekta litakodiwa lini, maana zile nati za chini zimeshika kutu na hakuna mwanamke atakayezifungua. Ndivyo alivyokubali.

Siku ya kuhama nilimwombea mkamwana wangu kwa kumwekea mikono kichwani, kama nilivyowaombea watu wengi. Mjukuu wangu aliniachia Biblia imefunguliwa pale tulipoishia, na kijiti cha mtama katikati ya kurasa. Sikumwambia kwamba maandishi yale siyaoni. Trela likapita kwenye mbuga, injini ya trekta ikasikika kwa muda, halafu tukasikia kuku.

Katika miaka yangu nimeona barabara ikija, umeme ukija, minara ya simu, shule ya sekondari. Kila kimoja tulikililia katika maombi, na kila kimoja kilipofika kiliondoka na watu wetu kuwapeleka kilikotoka. Sisemi kwa kulalamika. Lami haiwezi kupita mbele ya kila nyumba. Mahali pamoja hukua kwa sababu pengine pamepungukiwa, na wasomi wa redioni, naamini, wanalijua hilo, ila dakika zao huwa chache. Mimi muda ninao. Nimemshukuru Mungu kwa vyote, na vingine nimemshukuru huku nikiuma meno.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda Iguguno kwa mkutano wa wazee wa makanisa. Ulipoisha niliuliza njia. Mashine niliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa inanguruma kwa sauti nyembamba kuliko ile ya dizeli. Banda lake ni dogo, limebanwa kati ya fundi pikipiki na duka la mbolea. Mbele palikuwa na magunia ya watu yanayongoja kukamuliwa, na pembeni wanawake wamepanga foleni na vikombe, chupa za soda, kopo la kahawa. Nilisimama nyuma yao.

"Mzee, pita mbele," mwanamke mmoja akasema.

"Nitangoja, mama. Sina haraka."

"Huyu ana haraka," akasema mwenzake, akimwonyesha yule wa kwanza kwa mdomo. "Ameacha maharage motoni tangu alipozaliwa."

Walicheka. Nikasikiliza mazungumzo yao. Mtu mwingine amefungua mashine upande wa pili wa barabara, kubwa zaidi, na anachuja mafuta yakawa meupe. Umeme ulikatika juzi, ukakaa siku nzima. Huyu mama hapimi kwa kupunja, alisema yule wa maharage, lakini siku akipandisha bei nitavuka barabara, simjui mama wala baba.

Nilipofika mbele, mkamwana wangu alikuwa ameinama anachota. Amekonda. Mikono yake iling'aa mafuta hadi kwenye viwiko. Aliinua uso, akashtuka, akataka kupiga magoti pale pale kwenye mashudu.

"Shikamoo, baba! Mbona umesimama kwenye foleni? Ingia ndani, watoto wanakaribia kutoka shule."

"Marahaba, mwanangu. Nitaingia. Kwanza nimekuja kununua. Mama yako amenituma." Nikampa chupa.

Aliishika chupa bila kufanya kitu. Nyuma yangu foleni ilikuwa imetulia inatazama. Nilijua anachokifikiria, kwa kuwa mimi pia ningefikiria hivyo hivyo: mtoto hamwuzii baba mkwe. Na nilijua kwamba akinijazia bure mbele ya wale wanawake, kesho atakuja shangazi, na keshokutwa ukoo mzima kutoka kijijini, kila mmoja na chupa yake, na hakuna hata mmoja atakayeambiwa hapana.

Nikaweka pesa juu ya meza.

Akazitazama. Kisha akachota, akapima mpaka kwenye mstari, akangoja tone la mwisho lidondoke, akafuta shingo ya chupa kwa kitambaa. Akazipokea pesa kwa mikono miwili, akatafuta chenji kwenye kopo, akanihesabia kamili.

"Ahsante, baba," akasema. "Anayefuata!"

Nilikaa ndani nikingoja watoto. Mjukuu wangu alifika na sare yake, akanisalimu, akanisomea ukurasa mmoja kabla basi halijaja. Sasa anasoma haraka. Majina magumu anayapita bila kuniangalia.

Jioni mke wangu alikaanga mchicha, nami nikamsimulia niliyoyasikia kwenye foleni. Alionja, akatafuna taratibu.

"Bado yananuka mbegu," akasema.

"Bado."

"Yakiisha utakwenda tena?"

"Nitakwenda."

"Basi ukienda umwambie ayaache yatulie kwenye pipa kabla ya kuyachota. Yule wa ng'ambo ya barabara asije akamchukulia watu."